Ronald McNair: Mvulana aliyegoma kutoka maktabani akafika angani

Ukiandika neno Challenger kwenye simu yako, picha ya kwanza utakayoletewa ni ya moshi. Moshi mweupe uliopasuka pande mbili kama pembe za ng'ombe, na anga ya buluu nyuma yake. Wengi wetu huiangalia sekunde mbili tatu, tunasema noma, kisha tunasongesha kidole na kuendelea na maisha.

Leo usisongeshe. Watu saba walikuwa kwenye chombo kilichotoa moshi ule, na nataka nikukutanishe na mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 35. Alikuwa mwanafizikia wa kutisha, mkali wa karate, mpiga saksafoni, mume wa mtu na baba wa watoto wawili wadogo. Jina lake Ronald McNair.

Najua unachofikiria. Jamaa alikufa mwaka 1986, wewe hata hukuwa umezaliwa, na mimi pia sikuwa. Roketi za Marekani zinatuhusu nini sisi? Nipe dakika kumi tu. Ndani ya hadithi hii kuna mambo mawili ambayo kijana yeyote anayafahamu vizuri: kuambiwa hapa si pako, na wakubwa kukataa kumsikiliza anayeijua kazi.

MJI WA TUMBAKU

Ronald alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1950 katika mji mdogo wa Lake City, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Babake, Carl, alikuwa fundi wa magari. Mamake, Pearl, alikuwa mwalimu. Nyumbani walikuwa wavulana watatu: Carl aliyepewa jina la baba, kisha Ronald, kisha Eric kitinda mimba.

Elewa mazingira kwanza. Miaka hiyo huko kusini, ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria iliyoandikwa. Mtoto mweusi alikuwa na shule yake na mtoto mweupe alikuwa na yake. Hata bomba la maji ya kunywa lilikuwa na kibao cha kueleza ni la nani. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa misingi ya rangi ni kinyume cha katiba, lakini huko mashinani watu walijifanya hawajasikia. Ronald alisoma na weusi wenzake tu mpaka akamaliza sekondari.

Lake City ilikuwa nchi ya tumbaku na pamba. Watoto weusi waliingia mashambani kuvuna, na ndugu hawa wa McNair hawakuachwa nyuma. Kama umewahi kuvuna kitu kwa mkono chini ya jua la saa saba, unajua hiyo ni shule ya aina gani. Unajifunza haraka sana kwamba hutaki kuifanya kazi hiyo milele.

Ronald alijua kusoma hata kabla ya kuanza shule. Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik mwaka 1957, setilaiti ya kwanza duniani, alikuwa anakaribia miaka saba, na habari za anga zikamwingia kichwani zikakataa kutoka. Baadaye, mwaka 1966, kipindi cha Star Trek kikaanza kwenye televisheni. Kaka yake Carl amesimulia kwamba yeye alikiona kama hadithi ya kubuni tu, lakini Ronald alikiona kama kitu kinachowezekana. Ndani ya chombo kile cha kuigiza kulikuwa na watu wa rangi mbalimbali wakifanya kazi pamoja. Mmoja wao alikuwa mwanamke mweusi, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Na jina hilo Uhura, usishangae, lilitokana na neno letu la Kiswahili, uhuru.

Shika jina la Nichols. Tutakutana naye tena.

KAUNTA YA MAKTABA

Sasa twende mwaka 1959. Ronald ana miaka tisa. Siku moja anatoka nyumbani peke yake, kwa miguu, anaelekea maktaba ya mji. Anataka vitabu vya sayansi. Shida ni moja tu: maktaba ile ni ya wazungu.

Anayetusimulia kisa hiki ni Carl. Kijana aliingia, watu wote wakageuka kumwangalia. Akachagua vitabu vyake taratibu, akapanga foleni kama kila mtu, akafika kwenye kaunta. Mkutubi akamwambia hapa hatuazimi watu weusi vitabu. Ronald akajibu kwamba anataka kuazima vitabu hivi. Mkutubi akamtisha: usipoondoka sasa hivi naita polisi.

Wewe ungefanya nini? Sema ukweli. Wengi wetu tungeviacha vitabu pale na kuhepa. Tungeenda nyumbani tukalalamika, na tungekuwa na haki ya kulalamika.

Ronald alijipandisha juu ya kaunta akakaa, miguu ikining'inia. Akasema atangoja.

Basi makarao wakaitwa, na mamake pia akaitwa. Polisi wawili waliingia mbio wakitarajia kukuta fujo. Wakakuta mtoto mwembamba wa miaka tisa amekaa juu ya kaunta na vitabu vyake. Wakauliza kosa liko wapi. Wakati huo mama naye akawa amefika, roho mkononi, maana unajua katika nchi ile mtoto mweusi akiitiwa polisi siku inaweza kuisha vibaya. Mmoja wa polisi akamwambia mkutubi, si umpe tu huyu mtoto vitabu. Mama akaahidi kwamba vikipotea atalipa. Mkutubi akavitoa. Na mama, kama mama yeyote aliyelea vizuri, akamkumbusha mwanawe aseme asante. Ronald akasema asante akaenda zake.

Sitaki uione hadithi hii kama katuni ya mtoto mtundu. Fikiria ni kitu gani kilikuwa mezani. Yule mkutubi hakuwa na sababu hata moja ya maana ya kumnyima mtoto kitabu. Alikuwa na kanuni, na nyuma ya kanuni alikuwa na polisi. Mtoto naye alikuwa na hitaji la kweli, akakaa nalo pale pale mpaka watu wazima wakaona aibu. Hakutukana, wala hakulia. Kanuni ya kipumbavu mara nyingi huishi kwa sababu hakuna mtu aliyekaa mbele yake kwa muda wa kutosha.

KUTOKA MASHAMBANI HADI MIT

Mwaka 1967 Ronald alimaliza Carver High School akiwa nambari moja katika darasa lake. Akaenda chuo kikuu cha North Carolina A&T mjini Greensboro, chuo cha watu weusi. Kama jina Greensboro linakugonga, una haki. Ndiko wanafunzi wanne wa chuo hicho hicho walikoketi kwenye mkahawa uliowakataza weusi kula, tarehe 1 Februari 1960, wakakataa kuondoka mpaka hadithi yao ikaenea nchi nzima. Ukiona mtindo wa kukaa chini na kungoja, ujue haukuwa wa Ronald peke yake. Ulikuwa hewani.

Pale chuoni alikaribia kuiacha fizikia. Muziki aliupenda, saksafoni aliijua, na njia ya muziki ilionekana nyepesi kwa kijana aliyetoka shule ambayo haikuwa na maabara ya maana. Mshauri wa wanafunzi ndiye aliyemwambia kwamba fizikia anaiweza. Neno dogo tu, lakini lilitosha. Mwaka 1971 akamaliza shahada ya fizikia kwa alama za juu sana.

Kisha akaingia MIT, chuo kikuu huko Cambridge, Massachusetts, ambacho wanasayansi hukitaja kwa heshima. Huko alikutana na watu waliosoma shule zenye kila kitu tangu wakiwa watoto. Kwa wewe uliyetoka shule ya mashambani ukajikuta darasa moja na watoto wa shule za kitaifa, sihitaji kukueleza ile baridi ya tumboni.

Alijikita kwenye leza, akichunguza kinachotokea kwa molekuli zinapopigwa na mwanga mkali wa leza. Mwaka 1975 alikwenda Ufaransa kusoma zaidi fizikia hiyo. Halafu, akiwa karibu na mwisho, mwizi akaondoka na data yake ya utafiti, kazi ya miaka miwili. Hakukuwa na nakala kwenye mtandao, huo ulikuwa bado haujaja. Karatasi zikipotea zimepotea.

Mimi mwenyewe chuo sikumaliza, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu vyeti. Lakini najua kuna aina ya pigo ambalo ukilipata unapata pia ruhusa ya kuacha, na hakuna atakayekulaumu. Ronald alikuwa na ruhusa hiyo mkononi. Akarudi maabara akaanza upya, akaimaliza kazi ile kwa muda mfupi kuliko alivyotumia mara ya kwanza. Mwaka 1976, akiwa na miaka 25, akatunukiwa shahada ya uzamifu ya fizikia.

Na usidhani alikuwa mtu wa vitabu tu. Mwaka huo huo wa 1976 alishinda dhahabu ya karate katika mashindano ya chama cha wanamichezo wa ridhaa wa Marekani, na kabla ya kufa alikuwa amefikia mkanda mweusi wa daraja la tano. Karate aliifundisha pia kwa vijana, kanisani huko Cambridge. Ni mwaka huo pia alipomwoa Cheryl Moore. Baadaye akapata kazi California, katika maabara za utafiti za kampuni ya Hughes, akaendelea na leza zake.

Maisha yalikuwa yamenyooka. Angeweza kukaa hapo.

SAKSAFONI JUU YA DUNIA

Sasa Nichelle Nichols anarudi. Mwaka 1977 NASA, shirika la anga la Marekani, lilikuwa linatafuta wanaanga wapya wa kurusha vyombo vinavyoweza kwenda na kurudi mara nyingi. Mpaka wakati huo wanaanga wa NASA waliokuwa wameruka walikuwa wanaume weupe watupu. Nichols, yule yule Luteni Uhura wa televisheni, akazunguka nchi nzima akiwahimiza wanawake na watu weusi waombe nafasi.

Zaidi ya watu 8,000 waliomba. Januari 1978 NASA ikatangaza majina 35. Sita walikuwa wanawake, watatu walikuwa wanaume weusi: Guion Bluford, Frederick Gregory na Ronald McNair. Yule mvulana wa Star Trek alikuwa sasa kwenye orodha ya kweli.

Bluford alitangulia, Agosti 1983, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufika angani. McNair akafuata tarehe 3 Februari 1984, ndani ya chombo cha Challenger. Walikaa huko karibu siku nane. Katika safari hiyo mwanaanga Bruce McCandless alitoka nje ya chombo akaelea bila kamba yoyote, mtu wa kwanza kufanya hivyo. McNair ndiye aliyekuwa akiuendesha mkono wa mashine wa chombo wakati wenzake wakifanya kazi nje.

Na alibeba saksafoni. Ndiyo, saksafoni ndogo, akaipiga huko juu, mwili ukielea. Kuna picha yake, macho yamefumba kidogo, ala mdomoni. Kila ukiiona unasahau kwamba jamaa yuko mamia ya kilomita juu ya ardhi. Anaonekana kama mtu aliye sebuleni kwake Jumapili jioni.

Muziki huo haukuishia hapo. Alipangiwa safari ya pili, tena kwa Challenger, Januari 1986. Kazi yake ilikuwa pamoja na kuachilia na kuikamata tena setilaiti ndogo ya kuchunguza nyota mkia ya Halley, ambayo huonekana mara moja tu katika kila miaka 75 hivi. Lakini alikuwa pia amekubaliana na mwanamuziki wa Ufaransa, Jean-Michel Jarre, kwamba atapiga kipande cha saksafoni akiwa angani, kipande ambacho Jarre alikuwa amekitunga kwa ajili ya albamu yake na tamasha kubwa mjini Houston.

USIKU WA BARIDI

Hapa ndipo hadithi inabadilika, na naomba uisome polepole. Watu wengi husema Challenger ilipata ajali. Ajali ni neno la upole mno.

Chombo kile kilipaa kikisukumwa na roketi mbili kubwa za pembeni zenye fueli ngumu. Kila roketi iliundwa kwa vipande vilivyounganishwa, na kwenye maungio kuliwekwa pete za mpira za kuzuia gesi ya moto isitoroke. Pete hizo zilikuwa nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Mpira ukipata joto unanyumbuka vizuri. Ukipata baridi unakakamaa, na ukikakamaa haurudi upesi kuziba pengo.

Wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi hizo huko Utah, walijua. Januari 1985 chombo kingine kilikuwa kimerushwa pete zikiwa kwenye nyuzi joto 12 hivi za Selsiasi, na walipozifungua roketi baadaye walikuta dalili mbaya za gesi kupenya. Julai mwaka huo mmoja wao, Roger Boisjoly, aliwaandikia wakubwa wake akionya kwamba jambo hili lisiposhughulikiwa litaleta maafa ya kupoteza maisha.

Challenger ilikuwa imeahirishwa mara kadhaa. Tarehe 27 Januari 1986 iliahirishwa tena, mara hii kwa sababu ya shida ya mlango na upepo. Utabiri wa usiku ule ulisema baridi itashuka chini ya kiwango cha maji kuganda, jambo lisilo la kawaida Florida.

Jioni hiyo kukafanyika mkutano wa simu kati ya Utah na maafisa wa NASA. Boisjoly na wenzake wakatoa takwimu zao wakasema msirushe katika baridi iliyo chini ya nyuzi 12. Maafisa wa NASA hawakufurahi. Wakahoji, wakasukuma. Wakubwa wa Thiokol wakaomba dakika chache wazungumze peke yao. Kwenye kikao hicho kidogo, mkuu wa uhandisi aliambiwa na mkubwa wake aache kufikiri kama mhandisi, afikiri kama meneja. Mameneja wanne wakapiga kura. Wahandisi hawakuulizwa. Simu ikarudi hewani na jibu likawa rusheni.

Mwakilishi wa kampuni hiyo kule Florida, Allan McDonald, alikataa kutia sahihi. Sahihi ikatoka kwa mwingine. Wale wa ngazi ya juu kabisa NASA, waliokuwa na neno la mwisho, hawakufikishiwa mabishano ya usiku ule. Na wale saba waliokuwa wakienda kukaa juu ya roketi hawakuambiwa.

Iweke kando ya ile kaunta ya Lake City. Mwaka 1959 mtu mwenye mamlaka alisema hapana bila sababu yoyote, na mtoto akaishinda hapana ile kwa kukaa. Mwaka 1986 watu wenye mamlaka walisema ndiyo huku sababu za kusema hapana zikiwa mezani. Ronald hangeweza kuishinda ndiyo ile, kwa maana hakuwepo chumbani. Ujasiri wake wote, akili yake yote, uzamifu wake, karate yake, havikuwa na pa kufanyia kazi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika hadithi hii. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba ukijituma utafika. Ronald alijituma akafika, kisha maisha yake yakawa mikononi mwa mkutano ambao hakualikwa.

SEKUNDE 73

Asubuhi ya Jumanne tarehe 28 Januari barafu ilikuwa imening'inia kwenye mnara wa kurushia. Wanaanga waliingia. Dick Scobee alikuwa kamanda, Michael Smith rubani. Judith Resnik na Ellison Onizuka walikaa nyuma yao kwenye sehemu ya juu. Chini, pasipo na dirisha la kutazama mbele, walikaa watatu: McNair, mhandisi Gregory Jarvis, na Christa McAuliffe, mwalimu wa shule kutoka Concord, New Hampshire. McAuliffe alikuwa amechaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 ili afundishe somo kutoka angani. Kwa sababu yake, wanafunzi kote Marekani walikuwa wamekusanyika mbele ya televisheni. Familia za wanaanga zilikuwa pale pale Florida, zikiangalia kwa macho.

Chombo kiliruka saa tano na dakika 38 asubuhi, nyuzi joto zikiwa 2 hivi. Papo hapo moshi mweusi ulionekana kwenye ungio la roketi ya kulia. Pete zilikuwa zimeshindwa. Ulimi wa moto ukatokea, ukalichoma tangi kubwa la fueli. Sekunde ya 73, kilomita 14 hivi juu ya bahari, tangi likasambaratika na nguvu ya hewa ikakipasua chombo vipande vipande.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba chumba cha wanaanga hakikulipuka. Kilitengana na chombo kikiwa kizima, kikaendelea kupanda kidogo, kisha kikaanguka. Kilichukua karibu dakika mbili na sekunde 45 kufika baharini, na kiligonga maji kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Baadhi ya vifaa vya hewa ya dharura vilikutwa vimewashwa. Naomba nisiongeze neno hapo.

Tume ya rais iliundwa. Kwenye kikao kimoja mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira wa pete zile, akakibana, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokitoa hakikurudi upesi katika umbo lake. Mbele ya kamera, kwa glasi ya maji tu, ulimwengu ukaona kile ambacho wahandisi walikuwa wakikisema kwenye simu usiku ule. McDonald na Boisjoly waliieleza tume ukweli wote, na kazini kwao walilipia. NASA ilisimamisha safari hizo mpaka Septemba 1988, na maungio yakaundwa upya.

Ungefikiri somo lilieleweka. Tarehe 1 Februari 2003 chombo kingine, Columbia, kilisambaratika kikirudi duniani, na watu saba wengine wakafa. Safari hiyo kipande cha povu kilikuwa kimegonga bawa wakati wa kuruka. Wahandisi waliomba picha zipigwe ili waone madhara. Maombi yao yakakwama kwa wakubwa. Miaka 17 ilikuwa imepita, mpira ulikuwa umerekebishwa, lakini masikio ya wakubwa yalikuwa yale yale.

KILICHOBAKI

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, NASA hutenga siku ya kuwakumbuka wenzao waliokufa kazini. Wakati huo unabeba misiba mitatu: tarehe 27 Januari 1967 ambapo wanaanga watatu wa Apollo 1 waliungua wakifanya majaribio ardhini, tarehe 28 Januari ya Challenger, na tarehe 1 Februari ya Columbia. Jumla ya watu 17. Maua huwekwa, kengele hupigwa, majina husomwa.

Tamasha la Houston nalo lilifanyika, tarehe 5 Aprili 1986, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Kipande cha saksafoni kilichokuwa cha McNair kilipigwa na Kirk Whalum kwa niaba yake, na kwenye albamu ya Jarre kimebaki na jina la Ron hadi leo. Kitafute usiku ukiwa na vidude vyako masikioni.

Kuna mpango wa serikali ya Marekani unaobeba jina lake pia, unaowasaidia wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo waliotoka familia maskini na walio wa kwanza nyumbani kwao kufika chuo, waendelee hadi uzamifu. Kuna jengo MIT lenye jina lake. Kuna shimo kwenye mwezi, upande tusiouona, linaloitwa McNair. Vijisayari saba vinavyolizunguka jua vilipewa majina ya wale saba. Chake ni nambari 3354.

Mimi hayo yote naona ni mazuri. Lakini kama unataka kumkumbuka mtu huyu kwa dhati, fanya kitu kidogo zaidi. Siku utakapokuwa wewe ndiye meneja, mwenyekiti wa chama, mwenye matatu, kiongozi wa kikundi cha vijana, na fundi akaja kukwambia breki hazishiki, usimuulize ni nani aliyemtuma. Msikilize. Na siku utakapokuwa wewe ndiye fundi, sema, tena sema kwa maandishi, hata kama unatetemeka. Huenda aliyebebwa humo ndani ni mtu ambaye ametembea safari ndefu sana kufika hapo, na hajui kuna mkutano unaoendelea.

Ronald McNair amezikwa nyumbani kwao Lake City. Ile maktaba ilihamia kwingine, lakini jengo la zamani halikubomolewa. Lilikarabatiwa, na mwaka 2011 likafunguliwa kama kituo cha kumbukumbu za maisha yake. Jina lililo mlangoni ni la yule mtoto waliyemwitia polisi.